Kiputo cha Sabuni na Mtumbwi wa Igurwa

Sisi washairi wa pwani tumelidhulumu povu. Kila tunapotaka kukisema kitu kisicho uzito wala dawamu, hukimbilia povu la bahari, nami ni miongoni mwa wakosaji. Nilianza kutubu mbali na bahari, Igurwa, katika nyanda za juu za Karagwe, nilipokaribishwa kutazama ndizi zikikamuliwa.

Ndizi zilizovundikwa zikaiva humenywa, zikatiwa katika chombo kirefu kilichochongwa kwa gogo moja, kisha hupondwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Chombo hicho wenyeji hukiita obwato, yaani mtumbwi, neno lile lile la chombo cha kusafiria ziwani. Maji yake matamu huitwa omuramba. (Hayo ndiyo niliyoyanywa. Yakitiwa mtama yakachachuka huwa rubisi, na hapo msomaji wa kisiwani ataniruhusu nijikalie kando.) Juu yake huelea povu. Niliinama nikalitazama pale lilipoanza kukauka, nikaona halikuwa fujo hata kidogo. Kuta za viputo zilikutana tatu tatu. Nilitafuta mahali zilipokutana nne zikatulia, nisipaone.

Aliyeiandika kanuni hiyo hakuweza kuiona kwa macho. Joseph Plateau alizaliwa Brussels mwaka 1801, akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Ghent. Mwaka 1829, katika jaribio lake moja, alilikodolea jua macho kwa muda wa sekunde ishirini na ushei. Kwa miaka mingi watu walisadiki kuwa hilo ndilo lililompofusha, ingawa wachunguzi wa baadaye huelekeza kidole kwenye maradhi ya macho. Vyovyote iwavyo, kufika mwaka 1843 nuru ilikwisha kumtoka. Ndipo akaendelea na kazi iliyompa jina. Jamaa na wanafunzi wake walichovya fremu za waya katika maji ya sabuni, wakazitoa, wakamweleza walichokiona; yeye akauliza, akafikiri, akawaamuru wachovye tena. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1873. Humo alisema kwamba tando za sabuni hukutana tatu kwa pembe zilizo sawa, nyuzi 120 kila moja, na kwamba kingo za tando hizo hukutana nne, kwa pembe ya nyuzi 109 na nusu hivi. Mpangilio mwingine wowote hauthubutu kudumu. Hisabati ilichukua zaidi ya miaka mia moja kumfikia kipofu huyo: uthibitisho kamili ulitolewa mwaka 1976 na Jean Taylor, mwanahisabati wa Marekani.

Chanzo cha yote ni kile ambacho nimehangaika kukitafsiri, na mwisho nimeridhika kukiita mvutano wa uso. Chembe za maji huvutana. Iliyo ndani huvutwa kila upande. Iliyo juu huvutwa zaidi kuelekea ndani, na kwa hiyo uso wa maji hujikaza kama ngozi ya ngoma, ukitaka daima kuwa mdogo kadiri uwezavyo. Maji matupu hujikaza mno, na utando wake hupasuka upesi. Sabuni hupunguza mkazo huo hadi karibu theluthi yake, tena huupa utando uwezo wa kujitibu: unapotanuka na kuwa mwembamba, sabuni hupungua pale, mvuto huzidi, na maji huvutwa kurudi kuliziba pengo. Katika omuramba, vitu vitokavyo katika ndizi yenyewe hushika kazi hiyo.

Kiputo kikiwa peke yake huwa tufe, kwa sababu hakuna umbo jingine liwezalo kufunika hewa ile ile kwa ngozi ndogo zaidi. Waliojenga misonge ya Karagwe waliujua udugu wa jambo hili. Mwenye kamba ya hatua 40 akizungusha ukuta wa mraba atapata nafasi ya hatua za mraba 100. Akizungusha duara atapata 127.

Na sabuni ya Plateau ilikuwa ipi? Aliitaja mwenyewe: sabuni ya Marseille, ikayeyushwa katika maji yaliyotoneshwa na kutiwa gliserini. Hapo mtu wa visiwani hana budi kusimama. Mwaka 1844 Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na merikebu za Marseille zikawa zinakuja kuchukua mbata za Unguja na ufuta wa pwani ya Lamu, ili mafuta yake yaende kwenye masufuria ya sabuni. Aghalabu aliyeupalilia ufuta huo alikuwa mtumwa. Biashara hiyo hiyo ya Unguja ilinyoosha mkono wake hadi Karagwe kutafuta pembe za ndovu: Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanika Novemba 1861, wafanyabiashara waliotoka pwani walikuwa wamekwisha kufungua kituo chao Kafuro. Historia ya elimu humtaja kipofu wa Ghent, na ni haki yake. Mpalilia ufuta haitaji.

Liko jambo moja zaidi ambalo Plateau alilijua vyema, na ambalo liliandikwa na Young na Laplace mwanzoni mwa karne ya 19. Hewa ya kiputo kidogo imebanwa zaidi kuliko ya kikubwa. Viunganishe viwili kwa mrija, na kinyume cha matarajio kikubwa hakimgawii mdogo wake. Kidogo hujimwaga chote ndani ya kikubwa mpaka kitoweke. Nililiona hilo Igurwa bila ya mrija, povu lilipokaa. Viputo vidogo vilikuwa vikipungua polepole, hewa yao ikipenya kuta na kuingia kwa majirani walionenepa.

Mwenyeji wangu aliniuliza, "Mzee, unahesabu nini humo mtumbwini?" Nikamjibu kwamba nahesabu kuta. Akacheka, akachovya kibuyu chake, povu likampisha, kisha likajifunga tena nyuma ya mkono wake, tatu tatu.