Majina Tisini Ubaoni

Njia ya maskauti, yaani wasaka vipaji, wa futiboli ya Kimarekani inaanzia hotelini. Tarehe 8 Februari 1936, viongozi wa timu tisa za ligi ya NFL walikutana Ritz-Carlton, mjini Philadelphia. Chumbani kulikuwa na ubao wenye majina 90 ya vijana waliokuwa wakimaliza vyuo. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita ilitangulia kuchagua, ikafuata iliyoizidi kidogo, hadi zamu ikamfikia bingwa, kisha wakaanza tena. Raundi zilikuwa tisa na waliochaguliwa walikuwa 81. Hiyo ndiyo drafti ya kwanza.

Mwenye wazo hilo alikuwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles. Mwaka 1935 alimtaka sana Stan Kostka, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota, lakini timu ya Brooklyn ikamshinda kwa fedha. Bell akaona mbele: timu tajiri zikiachwa zinunue vijana wote bora, timu dhaifu zitakufa, na ligi yenyewe itakufa nazo. Hata wenye nguvu, George Halas wa Chicago Bears na familia ya Mara ya New York Giants, walimkubalia. Kwa kuwa Eagles ndio waliokuwa wa mwisho, Bell akawa wa kwanza kuchagua. Alimtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ambayo leo inaitwa Heisman. Eagles hawakuweza kumlipa, wakawahamishia Bears haki ya kumsajili, na Bears nao wakashindwana naye. Berwanger hakucheza hata mechi moja ya kulipwa.

Majina yale 90 yalitoka wapi? Mengi yalitoka magazetini, mengine kwa makocha waliofahamiana, mengine kwa kutembelea chuo cha jirani. Hakuna timu iliyokuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu. Aliyekaribia zaidi alikuwa Wellington Mara wa Giants, kijana aliyekuwa bado mwanafunzi, ambaye alijikusanyia magazeti na majarida kutoka kila upande na kuweka kumbukumbu za wachezaji. Ni yeye aliyemwona Tuffy Leemans wa Chuo Kikuu cha George Washington na kuwahimiza Giants wamchukue. Walimpata raundi ya pili, na mwaka 1978 Leemans akaingizwa katika Jumba la Mashujaa la Canton, Ohio. Somo la kwanza la kazi hii lilitolewa siku ileile: mmoja alisoma kuhusu mchezaji, mwingine alikwenda kumtazama.

Lakini ubao ule ulikuwa na pengo ambalo halikutokana na uchache wa magazeti. Hakuna kijana mweusi hata mmoja aliyechaguliwa. Tangu 1934 hadi 1945 hakuna Mwamerika mweusi aliyecheza NFL, na vyuo vya watu weusi vya kusini vilikuwa nje kabisa ya upeo wa macho ya wamiliki. Asiyekuwepo na lake halipo. Historia ya kupima wachezaji wa vyuo husimuliwa mara nyingi kama historia ya vipimo: saa, filamu, kompyuta. Mimi naisoma kwanza kama historia ya mahali ambapo maskauti walikubali kufika.

Kwa hiyo kituo cha pili ni Grambling, mji mdogo wa Louisiana wenye chuo cha watu weusi, ingawa njia ya kuufikia ilipitia Los Angeles. Mwaka 1946 timu ya Rams ilihama Cleveland kwenda Los Angeles. Waandishi weusi wa mji huo wakashinikiza timu isikabidhiwe uwanja wa umma wa Coliseum ikiwa inabagua, na Rams wakawasajili Kenny Washington na Woody Strode. Mmiliki wao, Dan Reeves, aliamua pia kutumia fedha kwenye jambo ambalo wenzake waliliona la anasa: alimwajiri Eddie Kotal, aliyewahi kuichezea Green Bay Packers, azunguke nchi nzima akitazama wachezaji. Kotal anahesabiwa kuwa skauti wa kwanza wa kudumu katika ligi. Alifika vyuo ambavyo wengine hawakuvijua kwa jina.

Kutoka Grambling, Rams walimpata Paul Younger, aliyejulikana kwa jina la Tank. Kwenye drafti ya 1949 hakuna timu iliyomchagua, ila Rams walimsajili, akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kutoka chuo cha kihistoria cha watu weusi. Kocha wake, Eddie Robinson, alimweleza kabla hajaondoka kwamba akishindwa, hakuna ajuaye itachukua miaka mingapi kabla mwingine hajapewa nafasi. Huo ni mzigo mzito kumtwika kijana mmoja. Younger aliubeba, akachaguliwa mara nne kwenye mchezo wa nyota wa ligi, na baadaye akawa kiongozi katika ofisi za timu.

Njia ilifunguka, ila polepole mno. Ushahidi mkali zaidi ni wa drafti za 1963, wakati NFL ikishindana na ligi changa ya AFL, na kila moja ikiwa na drafti yake. Buck Buchanan, jitu la mlinzi kutoka Grambling hiyohiyo, alichaguliwa na AFL akiwa wa kwanza kabisa. NFL ilimchagua raundi ya 19, akiwa wa 265. Mwili ulikuwa uleule, kasi ileile, chuo kilekile. Buchanan alikwenda Kansas City Chiefs na leo yumo Canton. Pengo la majina 264 haliwezi kuelezwa na mizani wala saa. Timu za AFL zilikuwa na njaa ya wachezaji na zilikwenda kuwatafuta, na Chiefs walimpa kazi ya uskauti Lloyd Wells, mtu mweusi aliyevijua vyuo hivyo na watu wake.

Wakati huohuo, Texas, kompyuta iliingia. Dallas Cowboys walianzishwa 1960, na meneja wao Tex Schramm pamoja na mkuu wa maskauti Gil Brandt walimkabidhi kazi Salam Qureishi, mtakwimu kutoka India aliyekuwa akifanya kazi chini ya IBM na ambaye hakuujua mchezo huo. Labda hilo ndilo lililomsaidia, kwani aliuliza maswali ambayo wazoefu walikuwa wameacha kuyauliza. Skauti anamaanisha nini anaposema mchezaji ni mwepesi? Mwenzake naye anamaanisha hilohilo? Sifa lukuki zilichujwa zikabaki chache: tabia, wepesi na udhibiti wa mwili, ari ya kushindana, akili iliyo macho, nguvu za mlipuko. Kila skauti akatakiwa kutoa alama kwa kipimo kimoja, na mashine ikagundua nani hupendelea na nani hubana. Cowboys walimaliza misimu 20 mfululizo, 1966 hadi 1985, wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Naiheshimu sana kazi hiyo. Ila kompyuta ilikokotoa tu kile ilicholetewa, na Brandt aliiletea habari za vyuo vidogo. Kwenye drafti ya 1964 Cowboys walimchagua raundi ya saba Bob Hayes wa Florida A&M, chuo cha watu weusi, miezi kabla hajashinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Tokyo.

Aliyeijua njia hii kuliko wote alitoka kwenye chumba cha habari. Bill Nunn alikuwa mhariri wa michezo wa Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na kuanzia 1950 aliteua kila mwaka kikosi bora cha vyuo vya watu weusi. Makocha walimwamini, wachezaji walimfahamu. Lakini hakuwa akikanyaga ofisi za Pittsburgh Steelers, na Dan Rooney, mwana wa mmiliki wa timu, alipotaka kujua sababu, Nunn alimwambia wazi kuwa hakuridhishwa na jinsi timu ilivyowatendea watu weusi. Rooney hakununa. Alimwomba aje afanye kazi.

Mwaka 1974 matunda yakaonekana. Inasimuliwa kwamba Nunn na maskauti wengine walimpima mbio John Stallworth wa Alabama A&M kwenye uwanja uliolowa, na muda wake haukuwa wa kutisha. Wenzake walipoondoka, Nunn alisema anaumwa, akabaki, na kesho yake akampima tena pakavu. Stallworth alikuwa na kasi zaidi, na aliyejua ni mmoja tu. Steelers walimchukua raundi ya nne. Katika drafti hiyo moja walimpata pia Lynn Swann, Jack Lambert na Mike Webster, na baada yake wakamsajili Donnie Shell wa South Carolina State, ambaye hakuna aliyemchagua. Wote watano wamo Canton. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Super Bowl mara nne ndani ya misimu sita.

Leo njia inaishia Indianapolis, ambako tangu 1987 hufanyika kambi ya upimaji. Kambi ya kwanza ya aina hiyo ilifanyika Tampa mwaka 1982 ikiwa na wachezaji 163, lengo kubwa likiwa uchunguzi wa afya zao. Sasa mamia hukimbia yadi 40, takriban mita 36 na nusu, huruka, hunyanyua kilo 102 na kuhojiwa na timu. Mwaka 2000 kijana mmoja wa Michigan alikimbia yadi hizo kwa sekunde 5.28, muda wa kusikitisha. Kijana huyo, Tom Brady, alichaguliwa wa 199, kisha akashinda Super Bowl saba. Na timu ya Indianapolis hiyohiyo, Colts, mwaka 2013 ilimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakupitia chuo wala drafti. Mtu wa namna hiyo haonekani kambini. Lazima mtu amfuate aliko.

Agosti 2021 Bill Nunn, aliyefariki 2014, aliingizwa katika Jumba la Mashujaa. Drafti ya mwaka huohuo ilikuwa imepita bila mchezaji hata mmoja kutoka vyuo vya watu weusi. Sababu zipo: janga la korona lilifuta msimu wa vyuo vingi, na vyuo vikubwa vya kusini, vilivyowafungia vijana weusi milango zamani, sasa ndivyo vinavyowanyakua walio bora. Sababu hizo ni za kweli, lakini hazitoshi. Mwaka ambao mechi hazichezwi na saa hazipimi ndio mwaka ambao kazi ya Nunn ilihitajika zaidi: kuwajua makocha, kupokea simu zao, kubaki siku moja zaidi. Ligi iliyomheshimu mtu huyo Canton inadaiwa kumheshimu barabarani pia, kwa kuwalipa watu wa kufika kule ambako yeye alifika. Timu ikijisifu kwa mashine zake, swali la kwanza la kuiuliza ni hili: mwaka huu maskauti wako wamefika chuo gani ambacho wengine hawakufika?