Ile Stika Kwenye Kioo cha Matatu ni Yako

Mwaka jana matatu niliyokuwa nimepanda iligonga lori lililosimama kando ya Jogoo Road. Ilikuwa saa moja jioni, mvua inanyesha, dere anakimbizana na mwenzake wakigombania abiria. Nilivunjika mkono wa kushoto. Kabla hata sijapata pa kuketi, jamaa wa sacco alikuwa amefika na pikipiki. Mpole sana. Akanipeleka zahanati, akalipia plasta, kisha akanipa thao mbili na karatasi ya kusaini. "Brathe, tumalizane hapa. Mambo ya korti ni kusumbuana tu."

Nikasaini. Nikamshukuru, pia.

Hiyo shukrani ndiyo huniuma nikikumbuka. Juu ya kiti cha dere, kwenye kioo, kulikuwa na stika ya bima. Naziona kila siku na nilidhani ni za kuonyesha polisi kwenye roadblock. Baadaye nikaanza kusoma zilikotoka. Kumbe hii bima ya lazima haikutungiwa polisi, na hata mwenye gari si yeye aliyefikiriwa kwanza. Ilitungiwa mtu kama mimi na wewe.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 17 Agosti 1896, huko Crystal Palace, London, mwanamke anayeitwa Bridget Driscoll aligongwa na gari akafa. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli Uingereza. Uchunguzi ukasema ni ajali, na dereva hakushtakiwa.

Magari yakaongezeka, na vifo navyo. Kufikia 1930, zaidi ya watu 7,000 walikuwa wanakufa kwa mwaka kwenye barabara za Uingereza. Shida nyingine ilikuwa hii: hata ukienda kortini ukashinda, unapata karatasi ya hukumu dhidi ya dereva ambaye hana pesa. Utamkamua nini? Ndiyo maana mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria: huwezi kuweka gari barabarani bila bima ya kumlipa utakayemuumiza. Mtu wa kwanza ni mwenye gari, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni aliyeumia. Ndiyo maana ya ile "thadi pati" ambayo madereva wetu huitaja kama jina la bima ya bei rahisi. Hilo jina ni lako wewe uliyegongwa.

Serikali ya kikoloni ilileta sheria ya aina hiyo Kenya miaka ya 1940. Bado tunayo, inaitwa Sura ya 405. Sasa fikiria Kenya ya wakati huo. Wenye magari walikuwa wachache, na Waafrika wengi walitembea kwa miguu au kupanda basi. Kwa hivyo mtu wa tatu hasa alikuwa babu yako. Lakini sheria iliandikwa kwa Kiingereza, na kuidai kulihitaji wakili na nauli ya kwenda mjini. Haki ilikuwepo, ila njia ya kuifikia ilikuwa ndefu kuliko miguu yake.

Kuna vitu viwili ndani ya hiyo sheria ambavyo ningependa kila mtu ajue. Kwanza, kile inacholazimisha ni mwili, si mali. Kifo na majeraha. Simu yangu iliyopasuka siku ile haimo kwenye hiyo lazima, mkono wangu umo. Pili, hailazimishi bima kwa kila aliye ndani ya gari. Kwa abiria, lazima hiyo inawashika hasa wale waliobebwa kwa malipo, au waliobebwa kwa sababu ya kazi yao. Ukipewa lifti ya bure na rafiki, sheria haimlazimishi rafiki yako kuwa na bima yako. Lakini ukilipa hamsini kwa makanga, hiyo hamsini inakuweka ndani ya sheria. Wasee, tumekuwa tukidhani tunanunua kiti tu.

Sasa ingiza matatu kwenye hii story. Zilianza kama magari ya wizi wizi, nauli senti 30, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi, na hapo ndipo jina lilitoka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni za uchukuzi zilizokuwa zikidaiwa mabasi. Kwa mwananchi ilikuwa afueni, juu mabasi hayakutosha. Lakini sekta nzima ya kubeba watu kwa malipo ikakua nje ya mpangilio, na ni mwaka 1984 tu ndipo sheria ya trafiki ilibadilishwa ili kuzitambua na kuzidai leseni na ukaguzi.

Bili ikaja baadaye. Matatu ziligonga sana, na madai yakawa mengi. Pia, tuwe wakweli, kuna watu waliotumia mwanya. Kampuni za bima zililia miaka nenda miaka rudi kuhusu majeruhi wa kubuniwa, mabroka wanaovizia wagonjwa kwenye wodi, na gari la viti 14 linalozaa wadai wengi kuliko viti. Lakini kampuni nazo zilikuwa zinauza bima kwa bei ya kugombania wateja huku zikijua hatari iliyopo.

Mwisho wake ni orodha ya makaburi. Kenya National Assurance, kampuni ya serikali iliyoanza 1964, ilianguka 1996. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi, iliwekwa chini ya msimamizi 2005. Invesco ikafuata 2008, ikafufuka, kisha ikafilisiwa 2024. Blue Shield ilikuwa 2011. Kila moja ikianguka, kulikuwa na watu wenye hukumu za korti mkononi, miguu imekatwa, mzazi amezikwa, na hakuna wa kuwalipa. Yaani tulirudi pale pale London kabla ya 1930.

Serikali ilijaribu kuziba. Miaka ya 2000 ikawekwa kikomo kwamba bima hii ya lazima haizidi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kukaundwa pia mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, ila kiwango chake cha juu ni 250,000. Na mwaka 2004 waziri John Michuki akaleta mikanda na vidhibiti mwendo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bima bora kuliko zote, juu inalipa kabla hujaumia.

Najua kuna mtu atasema: nyinyi mkianza kudai wote, bima itapanda, na nauli itapanda. Inawezekana. Lakini ajali ikitokea gharama haipotei. Swali ni nani anaibeba. Nilipochukua thao mbili, gharama haikuisha. Iliangukia mamangu, aliyelipa eksrei ya pili na kuninunulia chakula wiki sita nikiwa siwezi kufanya kazi. Mamangu hajawahi kumiliki gari.

Kwa hivyo ukiumia, usisaini kitu siku hiyo, hata kama jamaa ni mpole. Piga picha nambari ya gari na ile stika. Ripoti polisi, upewe nambari ya OB, kisha ufuate abstrakti, juu ndiyo inataja kampuni ya bima na nambari ya sera. Jaza fomu ya P3, weka kila risiti na ripoti ya daktari. Kesi hufunguliwa dhidi ya dereva na mwenye gari, lakini lazima kampuni ya bima iarifiwe mapema, la sivyo inaweza kukwepa kulipa. Na una miaka 3 tangu siku ya ajali kwenda kortini.

Mimi nimebakisha chini ya mbili. Wiki iliyopita nilirudi kituo cha polisi kuuliza abstrakti. Afisa alifungua kitabu, akapata ajali yetu, lakini jina langu halikuwemo. Abiria walioandikwa ni wanne, na tulikuwa zaidi ya kumi. Sasa natafuta risiti ya ile zahanati na yeyote niliyekuwa naye kwenye ile gari. Karatasi niliyosaini ina uzito gani, wakili ndiye ataniambia. Kama ulikuwa kwenye hiyo matatu na ulipewa thao mbili pia, nitafute.