Baada ya Kengele ya Mwisho

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba drama haiongezi gredi. Nilikuwa nimejifunga leso ya kuazima, nikijiandaa kuigiza nyanya. Sikumjibu, ungejibu nini? Lakini tangu siku hiyo, kila nikisoma historia ya shule zetu, naruka sura za mitihani na kutafuta jambo moja tu: wanafunzi walikuwa wakifanya nini baada ya kengele ya mwisho?

Twende Kikuyu, kama kilomita 20 hivi kutoka katikati ya Nairobi. Hapo ndipo Alliance High School ilipofunguliwa Machi 1926, mradi wa pamoja wa misheni kadhaa za Kiprotestanti. Jina lenyewe linasema: muungano. Wamishenari hao walishindwa kuungana wawe kanisa moja, ila shule waliiweza. Kuanzia 1940 hadi 1962 iliongozwa na Edward Carey Francis, Mwingereza aliyefundisha hisabati Cambridge kabla ya kuja Maseno mwaka 1928.

Siku ya mwanafunzi ilijaa kama matatu ya jioni. Sala, ukaguzi wa bweni, usafi, masomo, mpira, prepu, sala tena. Kulikuwa na maskauti. Kulikuwa na mijadala. Jumapili kulikuwa na vijana waliotoka kwenda kuwafundisha watoto wa vijiji vya jirani Biblia. Na kila mwaka kulikuwa na mchezo wa Shakespeare jukwaani.

Usidhani haya yote yalikuwa ya kupitisha muda. Kwa wamishenari, darasa lilifunza kichwa, lakini tabia ilifinyangwa uwanjani na kanisani. Walitaka Mwafrika Mkristo, msomi, mwenye nidhamu, aliye tayari kuwatumikia watu wake. Na pia, tuseme ukweli, asiyeisumbua serikali ya kikoloni.

Sasa weka ratiba hiyo ndani ya mwaka 1955. Hali ya hatari imetangazwa tangu Oktoba 1952. Kijana wa Limuru anayeitwa James Ngugi anaingia kidato cha kwanza. Ndiye tuliyekuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kakake yuko msituni na Mau Mau. Muhula wa kwanza unaisha, kijana anarudi nyumbani na yunifomu yake, na nyumbani hakupo. Kijiji kizima kimebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kipya cha dharura, Kamirithu, chini ya macho ya walinzi. Hadithi hiyo ameisimulia katika kumbukumbu zake za miaka ya Alliance, In the House of the Interpreter, iliyotoka 2012.

Fikiria skauti wa wakati huo. Anaahidi kumtii Mungu na Malkia. Upande wa pili wa ukuta, watu wa rika lake wanakula kiapo cha kumtoa Malkia huyohuyo nchini. Na Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, amezikwa Nyeri tangu 1941, Nyeri ileile iliyomzaa Dedan Kimathi. Kijana mmoja, viapo viwili vinamvuta, na kesho asubuhi bweni litakaguliwa kama kawaida.

Hapo ndipo shughuli hizi zilipoanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyezituma. Ngũgĩ alikumbuka mjadala uliouliza kama elimu ya Kizungu imetuletea madhara kuliko faida. Alisimama akainua penseli. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtu amekuja kwako, amechukua shamba, halafu amekuachia penseli. Je, mmebadilishana kwa haki? Kumbuka, hayo yalisemwa ndani ya shule ya misheni, wakati wa hali ya hatari, kwa kufuata kanuni za mjadala alizofunzwa na shule yenyewe. Ukimfundisha mtu kupanga hoja, huwezi kumchagulia atakayempangia.

Jukwaani mambo yalienda vivyo hivyo. Shakespeare aliletwa kufunza Kiingereza na ustaarabu wa wenyewe, lakini vijana waliondoka na kitu kingine: ufundi wa kuandika watu wanaoongea. Henry Kuria, aliyepitia Alliance, aliandika Nakupenda Lakini, iliyochapishwa 1957 na ambayo hutajwa miongoni mwa tamthilia za kwanza za Kiswahili kuchapishwa. Kuna pia Kimani Nyoike na Maisha ni Nini, Gerishon Ngugi na Nimelogwa Nisiwe na Mpenzi. Wote walipitia shule hiyohiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema drama ya shule ni mchezo wa watoto, mwambie polepole kwamba sehemu kubwa ya mizizi ya tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya iko hapo.

Sitaki kuipaka shule rangi ya dhahabu. Iliwafungulia wachache mlango ambao wengi waliufungiwa. Ilikuwa ya wavulana. Shule dada ya wasichana ilianza 1948 tu. Na wengi wa wahitimu wake waliingia serikalini baada ya 1963, wengine wakavaa viatu vya mkoloni bila hata kubadilisha kamba.

Lakini angalia mzunguko huu. Mwaka 1977, Ngũgĩ alirudi Kamirithu, kijiji kilekile cha dharura. Pamoja na Ngũgĩ wa Mirii na wanakijiji, wakulima na vibarua, walijenga jukwaa la wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Serikali ilisimamisha onyesho. Siku ya mwisho ya mwaka huo alikamatwa, akawekwa kizuizini mwaka mzima bila kesi. Kumbe drama inaweza kuitisha serikali nzima, na huyo mwalimu wangu alidhani haina uzito wa gredi moja.

Siku hizi mtaala mpya una mkondo wa sanaa na michezo katika shule za upili za juu. Naskia wazazi wakinong'ona kwamba huo ni wa watoto waliolemewa na hesabu. Wakinong'ona karibu nami, nawahadithia kuhusu mwanahisabati wa Cambridge aliyekaa Kikuyu miaka 22 na hakuwahi kudhani hesabu peke yake inatosha. Ile leso, kwa taarifa yako, sijairudisha hadi leo.