Konstebo Sabela Afika Tandika

Mkanda wa Sarafina!, filamu ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi, ulifika kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tandika, Dar es Salaam, ukiwa umechezwa mpaka picha zinaruka. Tulizoea kung fu za Wachina na makomandoo wa Kimarekani, na sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Kweli Sarafina hafi. Lakini mwalimu wake, Mary, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, anafia kizuizini, na wanafunzi wa Soweto wanapigwa risasi wakiwa na sare zao. Msimuliaji aliyekuwa akitutafsiria pembeni ya televisheni alikuwa na tusi la kila adui. Kwa Sabela, konstebo wa polisi, alikwama.

Sabela ni mweusi. Anaishi na haohao anaowakamata, na mwishowe vijana wanamchoma moto. Sisi wa mabenchi ya mbele tukashangilia. Wazee waliokaa nyuma walinyamaza, na ninadhani walikuwa na sababu.

Dar es Salaam ya Mwingereza nayo ilikuwa na akina Sabela. Mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu Oyster Bay, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Temeke yenyewe, iliko Tandika yetu, ilipimwa baada ya Vita Kuu ya Pili iwe makazi ya Waafrika. Amri ilitoka kwa bwana wa Kizungu, lakini aliyesimama mbele yako akidai risiti ya kodi alikuwa askari mweusi, pengine wa kabila lako. Asiye na kazi wala risiti aliitwa mhuni, akasombwa na kurudishwa kwao kijijini. Hata sinema zilikaguliwa kwa rangi. Zilikuwepo ambazo Mzungu na Mhindi waliruhusiwa kuziona, Mwafrika akazuiwa, asije akajifunza ujeuri!

Wakati tunamlilia Sarafina wa kwenye mkanda, hakuna aliyetuambia kwamba baadhi ya vijana halisi waliokimbia Afrika Kusini baada ya risasi za Soweto za Juni 16, 1976 walisomea hapa nchini, Mazimbu, Morogoro. Lilikuwa shamba la mkonge. Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC, wakajenga shule wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Mamelodi aliyenyongwa Aprili 6, 1979. Waliikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992, mwaka uleule filamu ya Sarafina! ilipotoka. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wenzetu wa Afrika Kusini wameshamtengenezea Mahlangu filamu, Kalushi, ya mwaka 2016.

Ndugu zangu wa Bongo Movie mlioko Kinondoni, mapenzi na uchawi tumeshiba. Tuleteeni Dar es Salaam ya mkoloni. Na yule askari wa risiti msimfanye adui wa bure: mpeni mke, watoto na deni la dukani kabla hamjamvalisha kofia.