Kupiga silaha marufuku: Kunapunguza uhalifu au kunasahau chanzo chake?

Kila ujambazi unapoitikisa Nairobi, kauli mbili husikika. Wengine husema silaha zisakwe na wanaozimiliki wafungwe. Wengine hujibu kuwa silaha si tatizo, tatizo ni njaa na ukosefu wa kazi. Mabishano haya yanatuhusu na sisi wa pwani. Sheria ni moja kutoka Westlands hadi Kisauni, na watoto wetu wengi wanasoma na kufanya kazi katika jiji hilo. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, silaha zinatoka wapi, na kila upande una ukweli kiasi gani.

Sheria ipo tayari

Kenya haijawahi kuwa nchi ya kila mtu na bunduki yake. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inamkataza raia kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha Bodi ya Leseni za Bunduki. Hata bunduki bandia ikitumiwa kutendea uhalifu ni kosa. Desemba 2018, Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliamuru wenye leseni wote wakaguliwe upya katika muda wa siku 90.

Panga halijapigwa marufuku, kwani ni chombo cha shamba. Hata hivyo kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayekutwa nalo katika hali inayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Na anayeiba kwa mabavu akiwa na silaha, kifungu cha 296(2) kinamhukumu kifo, ijapokuwa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987.

Kwa hivyo asitokee mtu akatuambia kuwa uhalifu upo kwa sababu hakuna sheria. Sheria ipo, na ni kali. La kuuliza ni mbona haitoshi.

Bunduki zinatoka wapi

Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, na zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Nyingi zilitokana na vita vya majirani. Idi Amin alipoanguka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto, Uganda, liliporwa na bunduki zikasambaa kwa wafugaji hadi upande wetu wa mpaka. Mwaka 1991 serikali za Siad Barre huko Somalia na Mengistu huko Ethiopia zilianguka, na silaha zaidi zikavuka. Kuna pia mlango wa ndani: maafisa wa polisi wamewahi kushtakiwa kwa tuhuma za kuwakodishia majambazi bunduki za serikali.

Novemba 2016, serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 huko Ngong, nje kidogo ya Nairobi upande wa magharibi. Mwaka 2021 ikaharibu nyingine zaidi ya 5,000. Ni kazi njema, lakini ukijumlisha mara zote mbili hazifiki hata 2 katika kila bunduki 100 zinazokadiriwa kuwa mikononi mwa raia.

Wanaotetea marufuku

Hoja yao ina nguvu. Ugomvi wa ngumi humwacha mtu na jicho jekundu, lakini ugomvi huohuo penye bastola humwacha maiti. Australia ilipopata msiba wa Port Arthur mwaka 1996, watu 35 walipouawa kwa risasi, serikali ilipiga marufuku aina kadhaa za bunduki na ikanunua takriban 650,000 kutoka kwa raia. Tangu hapo mauaji ya halaiki kwa risasi yamekuwa nadra nchini humo. Marekani, yenye bunduki za kiraia nyingi kuliko idadi ya watu wake, haina utulivu huo.

Wapinzani wao huitaja Westgate. Septemba 2013, magaidi wanne waliliingia jumba hilo la Westlands na watu 67 wakauawa. Sheria haikuwazuia. Isitoshe, Abdul Haji, ambaye sasa ni seneta wa Garissa, aliingia humo na bastola yake ya leseni akasaidia kuwaokoa watu. Lakini tukumbuke kuwa leseni aliyokuwa nayo ilitolewa na sheria hiyohiyo inayowadhibiti wengine.

Wanaotaka chanzo kitazamwe

Mwulize anayepita katikati ya jiji jioni anaogopa nini. Wengi watakwambia ni ngeta: mtu anakukaba shingo kutoka nyuma, mwenzake anasafisha mifuko. Wengine watakutajia waendao na pikipiki wakinyakua simu. Ngeta haina silaha ya kupigwa marufuku, maana silaha yake ni mkono. Anayeuawa na umati kwa kushukiwa wizi huuawa kwa mawe na tairi.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilitufundisha hilo kwa uchungu. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na waliouawa kwa risasi walikuwa 405. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawakuhitaji bunduki ili wafe. Walikatwa, walipigwa, walichomwa moto.

Juni 17, 2025, katikati ya Nairobi, vijana waliobeba marungu na mijeledi waliwashambulia waandamanaji mchana kweupe. Rungu ni kijiti tu. Hatari ilikuwa kwa aliyewakusanya vijana wale na kuwapa kazi ya siku moja.

Nenda magharibi ya jiji ukaone vijana kama hao wanavyopatikana. Kawangware imepakana na Lavington, na Kangemi iko ng'ambo tu ya Loresho. Upande mmoja kuna ukuta, kamera na mlinzi. Upande wa pili kijana amemaliza shule na hana pa kwenda asubuhi. Wakazi wengi wa Kangemi na Kawangware ni watu wa jasho lao, na mara nyingi ndio wa kwanza kuibiwa.

Je, chanzo kinatibika? Mjini Monrovia, Liberia, mwanauchumi Christopher Blattman na wenzake waliwafuatilia vijana 999 waliokuwa katika uhalifu na vurugu za mitaani. Baadhi walipewa mafunzo ya wiki 8 ya kudhibiti hasira na kupanga maisha, pamoja na dola 200. Miaka 10 baadaye, waliopata mafunzo na pesa pamoja walikuwa bado wamepunguza uhalifu kwa kiasi kikubwa.

Tushike lipi?

Pande hizi mbili zinajibu maswali tofauti. Kudhibiti bunduki kunaamua wangapi watakufa uhalifu unapotokea. Kazi, malezi na haki vinaamua uhalifu utatokea mara ngapi. Anayechoma bunduki Ngong huku Kawangware ikibaki ilivyo atapunguza maiti, lakini wanaoporwa hawatapungua. Naye anayehubiri ajira bila kuufunga mlango wa bunduki, ndani na nje ya polisi, atawaacha watu wauawe wakingojea ajira hizo.

Sisi wa Kisauni na Likoni, tuliowaona watoto wadogo wakishika mapanga, tunaijua gharama ya kungoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Uchaguzi wa 2027 uko karibu, na vijana wa kukodiwa watatafutwa tena. Mwanasiasa akija kuahidi usalama, mwulizeni mambo mawili: kila bunduki ya serikali inarudi ghalani kwa hesabu ya nani, na vijana wa mtaa huu watakuwa wakifanya nini baada ya kura?