HIMA YA MADINA NA MAKORONGO YA DODOMA



Ndugu zangu katika imani, siku hizi hapa Ipagala na kata za jirani mazungumzo ni viwanja tu. Basi leo tusome historia kidogo: mji wa kwanza wa Kiislamu uliishi vipi na ardhi yake, na sisi tunaishi vipi na ya kwetu?

Zama za ujahili, mkubwa wa kabila akipata malisho mazuri alimpandisha mbwa wake mahali pa juu abweke. Sauti ilipoishia, ndipo palipokuwa mpaka wake. Mnyonge asikanyage. Eneo hilo waliliita hima. Mtume (S.A.W.) akaivunja desturi hiyo. Akafundisha kwamba hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake, yaani ni kwa maslahi ya umma. Na Madina yenyewe akaifanya haram: miti yake isikatwe ovyo, wanyama wake wasiwindwe.

Sayyidna Umar (R.A.) naye akahifadhi Rabadha. Tazama alivyomwusia mlinzi wake: mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache mwache aingie, lakini jihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hao ni masahaba waliobashiriwa Pepo! Sababu yake ilikuwa wazi. Tajiri mifugo yake ikifa, anayo mitende na mashamba. Maskini yake ikifa, atakuja na watoto wake kumlilia khalifa.

Umeelewa? Kuhifadhi majani na miti kulikuwa kumlinda mnyonge.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na ikaundwa CDA kuustawisha mji. Mwaka 1976 ukatoka mpango mkuu, uliochorwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Haukutaka mji wa fahari. Ulitaka mji wa bustani unaofuata umbo la ardhi, watu watembee kwa miguu na kupanda mabasi, vilima na mabonde vibaki kijani.

Hilo halikuwa pambo. Dodoma ni nchi kavu. Mvua yetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na huja kwa miezi michache, tena kwa kishindo. Ardhi ikiwa tupu, maji hukimbia na udongo. Penye miti na majani, hupungua kasi na kuzama chini. Na maji ya visima vya Makutupora, tunayoyategemea mjini, yanatoka huko huko chini.

CDA ilivunjwa mwaka 2017. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Wote hao wanahitaji pa kulala, na hiyo ni haki yao. Lakini ramani haijilindi yenyewe. Anayejaza kifusi kwenye korongo halizuii maji, anayahamishia kwa jirani. Anayeuza eneo la wazi anauza kivuli na uwanja wa watoto wa watu wengine. Huyu ana tofauti gani na yule wa mbwa?

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayechukua ardhi kwa dhulma, hata shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na mtu asiseme, "Sisi tunajenga msikiti." Uwanja wa Msikiti wa Mtume ulikuwa wa mayatima wawili. Walitaka kuutoa bure, akakataa mpaka aununue. Nyumba ya Allah haijengwi juu ya haki ya watu.

Basi tushikane na haya matatu:

1. Kabla ya kununua kiwanja, uliza halmashauri kama ni eneo la wazi au njia ya maji. Bei rahisi isikupofushe.

2. Panda mti nyumbani na msikitini, na maji ya udhu yamwagilie. Tumefundishwa kwamba akila humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yako.

3. Ukiona korongo au eneo la wazi linavamiwa, sema mapema kwenye serikali ya mtaa, kabla msingi haujachimbwa.

Ewe Mola wetu, tujaalie mvua yenye manufaa isiyo na maangamizi, na utuepushe kula haki za wenzetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako anayetafuta kiwanja.