Pembe Nne za Godoro

Somo letu latoka katika Injili ya Marko, sura ya 2, mstari wa 1 hadi wa 12. Habari hiyo mnaijua. Mtu aliyepooza alichukuliwa na watu wanne, nao walipouona mlango umezibwa na umati hawakurudi nyumbani, bali walipanda juu ya nyumba, wakaitoboa dari, wakamteremsha. Marko hakutuambia majina yao. Alitupa hesabu yao tu. Nasi twaona kwamba hesabu hiyo ina maana, kwa kuwa godoro lina pembe nne, na pembe moja ikiachwa mgonjwa huanguka.

Leo twapenda kuwasimulia habari za godoro jingine, lililobebwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Ni habari za watoto wenye saratani, au kansa kama wengi wetu tuiitavyo, na za hospitali ndogo ambazo pengine mtu angezipita njiani asizitazame mara mbili.

Mwaka 1897 Daktari Albert Cook wa misheni ya CMS alianzisha hospitali ya Mengo, karibu na Kampala. Yeye na wenzake walikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa. Madaftari yao yalipochunguzwa miaka mingi baadaye, zilionekana habari za watoto waliovimba taya, zilizoandikwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Kwa hiyo ugonjwa huo haukuwa mgeni. Mama zetu waliujua. Lililokosekana ni mtu wa kukusanya habari hizo mahali pamoja na kuuliza: mbona hawa, na mbona hapa?

Mtu huyo alikuwa na jicho moja. Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911, na alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na watoto wenzake, akapoteza jicho la kuume. Alipokuwa daktari wa upasuaji aliomba kazi katika makoloni, akakataliwa kwa ajili ya jicho lile. Wakati wa vita alikuja Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha mwaka 1948 akahamia hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa Mkristo wa kusali kila asubuhi kabla ya kwenda wadi, wala hakuificha imani yake.

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell alimwita aje kumtazama mtoto wa kiume, umri wake kama miaka mitano, aliyekuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alistaajabu, maana uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja, akaona mtoto wa kike mwenye uso kama ule, na alipompapasa tumboni akakuta uvimbe mwingine. Hapo akatambua kwamba taya na tumbo vyaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Akarudi kwenye madaftari ya Mulago, akahesabu, na mwaka 1958 akaandika habari zake katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Ndio ugonjwa ambao leo duniani kote huitwa limfoma ya Burkitt.

Sasa sikilizeni jinsi hospitali ndogo zilivyoingia katika habari hii. Burkitt alipewa pauni 25 tu za utafiti. Alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa posta kwa hospitali zaidi ya 1,000 za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza, Je, mmeuona ugonjwa huu? Majibu yaliporudi aliyatia kwenye ramani. Kisha mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wamisionari waliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, mwendo wa kilomita kama 16,000 kwa majuma kumi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Waliwauliza wauguzi na madaktari, wakayasikiliza majibu yao. Waliona kwamba ugonjwa ule ulipatikana katika nchi zenye joto na mvua, na kwamba ulikuwa adimu juu milimani kwenye baridi. Hata kwetu Kenya ndivyo ulivyo: huonekana zaidi kando ya Ziwa Viktoria na pwani kuliko nyanda za juu. Huko Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, hawakusikia habari zake, ijapokuwa joto na mvua vilikuwako.

Mwaka 1964 mambo mawili yalijulikana. Huko London, Anthony Epstein na wenzake waliona kwa darubini ya elektroni kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Kampala. Ndicho kirusi cha kwanza kuonekana katika saratani ya binadamu. Hapa kwetu, Mmarekani Gilbert Dalldorf, akifanya kazi pamoja na wenzake wa Nairobi, alionyesha kwamba huenda malaria ina sehemu yake. Leo wataalamu wakubali kwamba kirusi kile, ambacho karibu watu wote hukipata, pamoja na malaria ya mara kwa mara utotoni, hufungua mlango kwa ugonjwa huu. Kwa hiyo si laana, si uchawi, si dhambi ya mama. Wala mtoto hawezi kumwambukiza mwenzake saratani hii kwa kula naye sahani moja.

Mmoja wa wale wawili waliosafiri na Burkitt alikuwa Daktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, West Nile. Ilikuwa hospitali ya misheni, mbali sana na mji mkuu, naye alifanya kazi huko pamoja na ndugu yake Peter. Williams aliandika kwa uangalifu kila mtoto mwenye uvimbe alitoka kijiji gani, na aliugua lini. Aliendelea hivyo mwaka baada ya mwaka. Kwa kadi hizo wataalamu waliona kwamba watoto walioishi karibu karibu waliugua katika nyakati zilizokaribiana, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1967. Baada ya hapo watafiti wa kimataifa walikuja West Nile na kupima damu za watoto wapatao 42,000, jambo ambalo halingewezekana kama mtu hangaliandika majina ya vijiji kwa miaka mingi, usiku, kwa taa, akiwa amechoka.

Na matibabu je? Hapo mwanzo wapasuaji walikata taya, na baada ya majuma machache uvimbe ulirudi. Mashine za mionzi hazikuwako Uganda. Ndipo Burkitt akajaribu dawa, na huko Nairobi Daktari Peter Clifford akafanya vivyo hivyo, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mambo yaliyoonekana yaliwashangaza. Uvimbe uliokuwa mkubwa kama ngumi uliyeyuka kwa siku chache, na mtoto aliyeshindwa kufumba kinywa akaweza kula uji tena. Mwaka 1967 Mulago ilifungua kituo maalum cha kutibu ugonjwa huu, na Wamarekani walipoondoka mwaka 1972, kazi iliendelea mikononi mwa Waganda, wakiongozwa na Daktari Charles Olweny, katika miaka ambayo nchi yao ilikuwa na taabu nyingi.

Na tazameni, dawa hiyo haihitaji jumba kubwa. Yahitaji sindano, maji ya mishipa, maabara ya kupima damu, na muuguzi mwenye moyo wa uangalifu. Huko Kamerun, hospitali za Wabaptisti zilizo mashambani zimeitumia dawa ya siklofosfamidi, ambayo bei yake si kubwa, na zaidi ya nusu ya watoto wamepona. Katika nchi tajiri, kwa dawa nyingi zaidi, hupona karibu watoto tisa katika kila kumi. Pengo hilo latuuma. Sehemu yake ni dawa na vyombo, lakini sehemu nyingine ni mtoto kuletwa akiwa amechelewa, na mtoto kupewa sindano ya kwanza kisha asirudi kwa ya pili.

Hapa, wapendwa, twapaswa kuungama jambo letu wenyewe. Katika usharika wetu palikuwa na mtoto ambaye meno yake yalilegea. Tulisema ni meno tu. Yaling'olewa, na taya likazidi kuvimba. Tulimwombea, na twamshukuru Mungu kwa maombi, lakini hakuna aliyemwuliza mama yake, Je, unayo nauli? Alikwenda hospitali mara moja. Sindano ilifanya kazi, uvimbe ukashuka, nasi tukaimba kanisani. Siku ya kurudi ilipofika, shamba lilikuwa limejaa magugu, watoto wengine walikuwa peke yao, na fedha hazikuwako. Akangoja mwezi mmoja. Ugonjwa huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote, haungoji mwezi. Mtoto alipofariki tulifanya harambee, na kwa jioni moja tukapata fedha za jeneza, turubai, chakula na gari la kubebea maiti. Baadaye mzee mmoja wa kanisa aliketi na kalamu akapiga hesabu. Fedha zile zingalitosha nauli ya safari zote za matibabu, na nyingine zingalibaki. Aliisoma hesabu hiyo mbele yetu, wala hakuongeza neno. Tangu siku ile twaweka sanduku la nauli karibu na sanduku la sadaka.

Basi, ndugu, ukimwona mtoto ambaye meno yake yalegea kabla ya wakati wake, au taya limevimba, au jicho latokeza nje, au tumbo lakua upesi, usingoje. Mpeleke hospitali iliyo karibu, hata kama ni ndogo. Ikiwa hawana dawa, watajua pa kumpeleka. Na akianza matibabu, usimwondoe kwa sababu uvimbe umekwisha machoni. Mwulize daktari, Zimebaki sindano ngapi? Uandike tarehe, na uwape watu wa kanisa tarehe hizo.

Daktari Burkitt alifariki mwaka 1993. Yeye alishika pembe moja ya godoro. Wauguzi na madaktari wa hospitali ndogo waliojibu barua zake na kuandika kadi zao walishika ya pili. Mama anayelala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto wake ameshika ya tatu, na mikono yake inatetemeka. Ya nne ni yetu sisi tuliobaki kijijini: kupalilia shamba lake, kuwapikia watoto aliowaacha, kulipa nauli, kumsindikiza hadi kituo cha basi na kumpokea arudipo. Kazi hiyo haihitaji elimu ya udaktari. Wale wanne wa Kapernaumu hawakumponya yule mtu, walimfikisha.

Na tuombe. Ee Bwana, wakumbuke watoto walio katika wadi usiku huu, na mama zao, na wale wawatunzao. Utusamehe siku tulizofika na jeneza mahali tulipotakiwa kufika na nauli. Utupe macho ya kuona mapema, na mabega yasiyochoka kabla ya mwisho wa njia. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.